Nilivyoitafsiri Serikali Yenye Midomo Miwili

Vijana wa biro ya itifaki, ofisi ya serikali hapa mpakani Kavimvira, wameniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi yetu kabla sijasahau. Wanasema "kabla hujasahau, mama" kwa adabu nyingi, kana kwamba kusahau ni safari niliyokwisha kuikatia tiketi. Nimestaafu majuma machache tu. Siku ya kuniaga nilipewa vitenge viwili, saa ya ukutani, na hotuba ya Kifaransa iliyosomwa na mtu aliyekosea jina langu mara mbili. Nilitamani nisimame niitafsiri, ili angalau katika Kiswahili jina liwe langu. Mambo ya vyeo nitayaacha. Aliyepandishwa anajijua, na aliyerukwa anajulikana na mtaa mzima.

Kwa asiyenifahamu, mimi ni Esperanse, lakini watu wa Kavimvira huniita Mama Mkalimani. Baba alikuwa Muvira, mvuvi wa hapa Kasenga, mtaa wa Uvira. Mama alitoka bonde la Ruzizi, kwao Kirundi tupu. Nilikua nikigombezwa kwa lugha mbili, Kiswahili na Kirundi, kisha masista wa shule wakaongeza ya tatu, Kifaransa, na fimbo yake. Diploma nyingine ninazo, ziko mahali katika sanduku, lakini hiyo ya kugombezwa ndiyo iliyonifanyia kazi.

Nilianza kwa bahati mbaya. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu hapo Kasenga. Asubuhi moja mtu wa pikipiki alisimama mlangoni akasema natakiwa mpakani Kavimvira haraka, kwani mkalimani wa serikali, Mzee Barnaba, amelazwa na malaria, na wageni wa ng'ambo ya mpaka wamekwisha kukaa. Nilikwenda na vumbi la chaki mikononi. Kesi ilikuwa ya ng'ombe waliovuka mto Ruzizi bila karatasi wakala mahindi ya watu wetu. Shefu wetu, mkuu wa eneo, mtu wa hasira za karibu, alimtazama mkuu wa wageni, mzee mwenye kofia, akaniambia kwa Kiswahili: "Mwambie huyu mzee, hata ng'ombe zake ziko na akili kumupita."

Nilisimama wima kama mwanafunzi anayejua jibu. Nikalitafsiri kwa Kirundi safi cha mama yangu, tena nikaongeza heshima inayostahili: "Nyakubahwa, wanasema hata ng'ombe wako wanakushinda akili." Neno hilo, Nyakubahwa, ndilo wao hutumia kwa mheshimiwa. Mheshimiwa alisimama, akachukua kofia yake, akatoka, na wenzake nyuma yake. Ng'ombe walibaki kwetu wakaendelea na mahindi.

Kesho yake Mzee Barnaba alikuja shuleni akiwa bado na homa, amevaa koti zito juani. Aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yakimfika kidevuni.

"Weye ndiye ulitafsiri jana?"

"Ndiyo, mzee."

"Ulitafsiri namna gani?"

"Neno kwa neno."

"Basi hapo ndipo uliharibu," alisema, bila ukali. "Yule mzee wa ng'ambo alisoma hapa Uvira. Kiswahili anakijua kumupita shefu wako. Tusi alilisikia. Alipolisikia alitazama dirishani, sivyo?"

Nilikumbuka kweli alitazama dirishani.

"Alikuwa anakungoja usilisikie. Binti yangu, hapa mpakani watu wote wanaelewana, na hiyo ndiyo taabu yao. Serikali inatuweka katikati ili kila mtu apate nafasi ya kujifanya hajasikia. Tusi likisemwa, ni la mtu. Weye ukilitafsiri, linakuwa la serikali."

"Sasa ningefanya nini? Ningesema uongo?"

"Hapana. Ungemgeukia shefu wako, ungesema: 'Sikusikia vizuri, shefu, rudia.' Mtu mwenye akili akirudia, anarudia kingine."

Nawaachia neno hilo vijana, maana limezuia vita vingi kuliko bunduki ya pale kwenye kizuizi cha mpakani. Mzee Barnaba alinichukua tangu siku ile. Alinifundisha kusimama nusu hatua nyuma ya bega la kushoto la msemaji, mahali unapouona mdomo wake, kwa sababu umeme ukikatika mikro, kipaza sauti, hufa na mdomo hubaki. Alinifundisha kuandika kwa kalamu ya risasi, maana wino hutoka jasho kwa unyevu wa ziwa. Daftari langu lilikuwa la mistari ya hesabu, nimelichora mstari katikati, kushoto wetu, kulia wao. Unaandika majina, vitenzi na idadi. Sifa usiandike, kwani kila mwanasiasa huja na sifa zake zile zile na utazijaza mwenyewe. Kipande cha tangawizi shavuni kwa ajili ya koo. Kuhusu viatu, vaa vya chini. Hotuba fupi sijawahi kuitafsiri, ingawa nyingi zilianza kwa kusema zitakuwa fupi.

Mzee Barnaba aliacha kazi masikio yake yalipokufa. Nadhani ndiye mtu wa kwanza katika utumishi wa umma aliyejifanya hasikii kwa muda mrefu hivyo mpaka mwili ukakubali. Nilirithi kiti chake. Nilitafsiri juu ya wizi wa nyavu, juu ya mihogo iliyozuiwa, juu ya maji ya ziwa yalipopanda yakaingia majumbani na kila upande ukauliza upande wa pili maji ni ya nani. Niliona mashefu wakija na kuondoka. Nilidhani nimekwisha kuona kila kitu, mpaka serikali ya muungano ilipoundwa.

Mnakumbuka kampeni ile. Kulikuwa na chama cha Jembe na chama cha Taa. Watu wa Jembe walikuja Uvira wakasema wale wa Taa wanauza nchi kwa wageni kwa kilo. Watu wa Taa wakaja juma lililofuata, uwanja ule ule, wakasema mwenye jembe asiye na taa hujilima mguu. Kura zilipohesabiwa, hakuna aliyetosha. Wakakaa katika mji mkuu miezi mingi wakigawana wizara, kisha wakatoka wameshikana mikono, wanatabasamu kama watu waliopigwa picha ya pasipoti.

Shida ni kwamba walikuwa wametoa ahadi. Jembe waliahidi kufunga mpaka wa Kavimvira ili jirani atuheshimu. Taa waliahidi kuufungua wazi ili biashara ipite na wafadhili wa nchi za mbali watupe barabara. Programu yao ya pamoja ilisomwa redioni. Nilikuwa napika maharage, nikazima jiko nisikie vizuri. Mpaka, walisema, "utafungwa kwa namna iliyo wazi."

Askari wa kizuizi waliuliza wakubwa wao maana yake nini. Wakubwa waliuliza wakubwa zaidi. Jibu halikuja, basi wale askari, watu wa akili, waliliweka lile gogo la kizuizi nusu, halikupanda wala halikushuka. Mbuzi walipita bila taabu. Wamama wa nyanya waliinama na beseni zao. Mgeni mrefu wa shirika fulani aligonga paji la uso, akaandika ripoti.

Hiyo tungeizoea. Lakini katika mwaka wangu wa mwisho kazini likatokea jambo la wavuvi.

Wavuvi sita wa mtaa wa Kilibula walifuata kundi la ndagala, dagaa wetu, alfajiri mpaka maji ambayo jirani anasema ni yake na sisi tunasema ni yetu. Boti ya doria ya ng'ambo ikaja. Mmoja wa wale sita, Rubeni, ndiye aliyeshika usukani. Aliogopa, akakata upande mbaya, mtumbwi wao ukaipiga ile boti ubavuni, na askari kijana akaangukia kati ya mbao na mbao. Mkono ukavunjika mahali pawili. Wavuvi wote sita wakakamatwa wakapelekwa ng'ambo.

Mke wa Rubeni, Faida, anauza samaki wa mukeke pale Kilibula. Ni mtu wa bondeni, Kirundi ndicho alichonyonya, Mkatoliki asiyekosa misa. Alianza kuja biro yetu kila siku. Alikaa kwenye benchi la nje, miguu pamoja, mkoba mapajani.

"Mama Mkalimani, weye unajua kusema na hao watu. Waambie mume wangu ni mwoga tu, si mwanajeshi."

"Mimi siwaambii, Faida. Mimi huambiwa."

"Basi nani anawaambia?"

"Serikali."

"Ile ya Jembe ao ile ya Taa?"

Nilimwambia ni moja. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikia mgonjwa akisema amepona.

Ng'ambo walituma neno. Hawakutaka mali wala samaki. Walitaka serikali yetu iseme, mbele ya watu, kwamba inaomba msamaha kwa ajili ya yule kijana, na wavuvi wangerudi. Sentensi moja. Katika mji mkuu sentensi hiyo iligawanya baraza. Jembe walisema kuomba msamaha ni kukiri kwamba maji ni ya jirani, na wapiga kura wa Uvira hawatasahau. Taa walisema wafadhili wanatazama, na barabara haijengwi na kiburi. Mwishowe wakakubaliana kwa namna waliyokuwa wakikubaliana katika mambo yote: watatuma ujumbe wenye wakuu wawili.

Walikuja kwa magari mawili, kila mmoja akitaka kuwa mbele, hivi kwamba walifika Kavimvira sambamba, barabara yote yao, na waenda kwa pikipiki wakakimbilia mtaroni. Nitawaita Ekselansi, yaani Mheshimiwa, wa Jembe na Ekselansi wa Taa. Wa Jembe alikuwa mnene mwenye sauti ya chini. Wa Taa alikuwa mwembamba, suti ya kijivu, akitembea kana kwamba kila hatua inapigwa picha. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja aliniuliza habari za watoto. Kila mmoja pia aliniuliza, kwa siri, mwenzake ameniuliza nini.

Matata ya kwanza yalikuwa kiti. Chumba cha mkutano kilikuwa na fotei moja tu ya mkuu wa ujumbe. Tulimtuma mtu mbio Kasenga kwa fundi seremala, Papa Yakobo, ambaye alitengeneza ya pili kwa siku moja, ikiwa sawa kabisa na ya kwanza. Ilifika asubuhi ya mkutano ikinuka vanishi. Papa Yakobo alinivuta pembeni.

"Mama, haijakauka."

"Itakauka lini?"

"Kesho kutwa, jua likiwaka."

"Nani ataikalia?"

"Hiyo ni mambo ya siasa," alisema, akaondoka haraka.

Ekselansi wa Taa aliikalia kwa sababu ilikuwa mpya.

Mkuu wa ujumbe wa ng'ambo alikuwa Mheshimiwa Melkiyori, mzee mkavu mwenye miwani, nimetafsiri mbele yake miaka mingi. Kiswahili anakijua barabara; binti yake ameolewa hapa Uvira. Lakini sheria ni sheria: sisi tulisema Kifaransa, yeye Kirundi, na mimi katikati.

Ekselansi wa Jembe alianza. Wavuvi wetu walikuwa katika maji yetu wakivua samaki wetu, alisema, na hakuna atakayeomba msamaha kwa kuvua nyumbani kwake. Nikatafsiri. Ekselansi wa Taa akafuata pale pale. Serikali, alisema, inasikitika kutoka moyoni kwa tukio hili na iko tayari kwa maneno yote ya udugu. Nikatafsiri. Safu ya kushoto ya daftari langu ilikuwa kama ndoa ya mwaka wa saba.

Melkiyori alisikiliza wote wawili mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole: "Mama, waulize, kati yao serikali ni nani?"

Nilijifanya kupitia maandishi. Hapakuwa na njia. Nikauliza. Na wale wakubwa, waliokuwa wamejichunga na Kifaransa tangu asubuhi, walijibu pamoja, kila mmoja akijitaja mwenyewe, kwa Kiswahili cha nyumbani:

"Ni minye."

Hilo sikulitafsiri. Melkiyori alikuwa ameinama akitafuta kitu chini ya meza, mabega yakitikisika.

Saa ya kula simu zilianza. Kila Ekselansi alikuwa na yake, na kila simu ilitoka kwa chama chake. Niliwaona kwa dirisha, mmoja kwenye kona hii, mmoja kwenye ile, wakisema "ndiyo, shefu, ndiyo, shefu." Nilielewa baadaye kilichotokea. Jembe walikuwa wamepigiwa na wafadhili, ambao walisema wizara ya barabara iko mikononi mwa Jembe na barabara yenyewe bado haiko mikononi mwa mtu. Taa walikuwa wamesikia redio ya Uvira ikisema wao ni magoti ya serikali, na kulikuwa na uchaguzi mdogo unakuja.

Tuliporudi, Ekselansi wa Taa alijaribu kusimama ili aseme kwa nguvu. Suti ilibaki. Alikaa tena, akasema akiwa ameketi: hatutaomba msamaha, kamwe, maji ni yetu tangu mababu. Nilitazama daftari langu nikidhani nimekosea mstari. Kisha Ekselansi wa Jembe, kwa sauti yake ya chini, akasema serikali inasikitika kutoka moyoni na iko tayari kwa maneno yote ya udugu. Wakaanza kubishana, kwa moto ule ule wa asubuhi, kila mmoja akitetea alichokuwa ameshambulia kabla ya chakula. Nilitafsiri vyote. Sijui kama nimewahi kuchoka vile.

Melkiyori alivua miwani, akaifuta. "Mama," alisema, "waulize kama wanataka kubadilishana na viti pia."

"Sikusikia vizuri, Nyakubahwa."

"Vizuri," alisema. "Basi waambie hivi. Mimi sina haja na ziwa leo. Nina kijana hospitali mwenye mkono uliovunjika. Mtu mmoja tu wa upande wenu aseme amesikitika, na mwingine asimkatae. Nitasubiri."

Nilitafsiri. Wakuu wawili walitazamana. Kila mmoja alikuwa tayari kuikataa sentensi ya mwenzake, na sasa hakuna aliyejua ni nani mwenye zamu ya kuisema. Nje nilisikia wamama wakibishana bei ya mihogo, nikawaonea wivu.

Hapo ndipo mlango ulifunguka, Faida akaingia. Mlangoni kulikuwa na walinzi wawili, mmoja wa Jembe na mmoja wa Taa, na kila mmoja aliamini mwenzake ndiye anayelinda. Alitembea mpaka mbele ya meza, akapiga goti kidogo kama anavyofanya kanisani, akamwambia Melkiyori kwa Kirundi: "Nyakubahwa, yule mtoto aliyevunjika, anaitwa nani?"

"Amesema nini?" Wakuu wote wawili walinigeukia.

"Anauliza jina la askari."

Ekselansi wa Taa alisogea, fotei ikasogea naye. "Hiyo ni kuomba msamaha?"

"Ni swali, Ekselansi."

"Swali linaruhusiwa?" aliuliza wa Jembe.

Katika maagizo yao hapakuwa na swali. Walitoa simu. Sasa vijana, nyinyi mnajua rezo ya Kavimvira, mtandao wake wa simu: ukiwa pale mpakani simu yako hushika mitambo ya ng'ambo na kukukaribisha ugenini. Simu za wakuu wote ziliandika "karibu" katika nchi ya jirani. Wa Jembe alisema kupigiwa si neno, lakini haiwezekani kuuliza maagizo ya taifa kupitia waya za watu wengine. Ikabidi waende Kilibula kuitafuta nchi yao. Na kwa kuwa hakuna aliyekubali mwenzake apige peke yake, walikwenda wote, magari mawili, ving'ora viwili. Ekselansi wa Taa alitoka na alama ya vanishi mgongoni mfano wa ngazi.

Tulibaki mimi, karani wetu, Melkiyori na watu wake, na Faida aliyekuwa bado amesimama.

"Anaitwa Diyodone," alisema Melkiyori. "Baba yake alikufa. Ana mama."

Faida alishusha mkoba chini. Nilimwona akitafuta mahali pa kuweka mikono. "Mume wangu ni mtu wa woga," alisema. "Aliona mwanga, akakata maji vibaya. Hakumtafuta mtoto wa mtu, lakini mkono umevunjika, na hautaunganishwa na kusema hakukusudia. Nyakubahwa, mwambie mama yake Diyodone kwamba mimi, mke wa yule aliyeshika usukani, ninamwomba msamaha. Ni mimi tu. Serikali ni ya wenyewe."

Melkiyori alirudisha miwani usoni. "Na mpaka wa ziwa?" aliuliza, nadhani kwa mazoea.

"Mpaka sijawahi kuuona. Na mume wangu ananiambia samaki pia hawajauona."

Wote mle ndani walijua Kirundi. Sikuwa na kazi. Nilikuwa nimeshika kalamu juu ya karatasi. Melkiyori alinigeukia.

"Mama Mkalimani, umesikia?"

Nilijua anachouliza. Kama ningesema sikusikia vizuri, jambo lingebaki la hewa, lingeisha na kesho. Kama ningesema nimesikia, lingeandikwa, na wakubwa wangu wawili wangetaka kujua ni nani aliyemruhusu muuza samaki kusema kwa niaba ya jamhuri. Nilibakiza miezi michache kazini. Niliogopa, sitawadanganya.

"Nimesikia," nikasema, nikamwambia karani aandike.

Melkiyori alitoa kalamu yake akatia sahihi karatasi ya kuwaachia wale sita.

Wakuu walirudi baada ya saa nzima. Kila chama kilikuwa kimetoa uamuzi. Jembe walisema swali linaruhusiwa mradi lisiwe jibu. Taa walisema linaruhusiwa mradi liulizwe kwa pamoja. Melkiyori aliwapa mkono, mmoja kisha mwingine, akamwambia kila mmoja kwa Kirundi, nami nikatafsiri: "Umeshinda." Kila mmoja alitoka akimwonea mwenzake huruma.

Wavuvi walivuka kizuizi kesho yake, wakiinama kama wote. Jembe walifanya mkutano Kasenga kusema walirudishwa kwa msimamo. Taa walifanya wao Kilibula kusema walirudishwa kwa unyenyekevu. Baada ya siku chache, simu zilipokuwa zimepigwa tena, nilisikia redioni wamebadilishana.

Rubeni alirudi amekonda, na jambo la kwanza alilofanya ni kumkasirikia mkewe, mbele yangu, pale nyumbani kwao.

"Juu ya nini uliomba msamaha? Sasa watu watasema niko na kosa."

"Uko nalo," alisema Faida, akimwekea ugali. "Kula."

Aliinama akala. Nadhani hilo lilikuwa azimio pekee la kesi ile lililotekelezwa mara moja.

Mimi nilipata barua mbili za kutakiwa kujieleza, moja kutoka ofisi ya kila Ekselansi. Ya kwanza ilisema nimetafsiri kupita kiasi. Ya pili ilisema nimenyamaza ilipotakiwa kutafsiri. Nilikaa nazo mezani siku mbili, nikijaribu kuandika majibu mawili, kisha nikafanya kosa la makusudi: nilijibu kila ofisi kwa kuipelekea barua ya mwenzake. Sikusikia tena kitu. Vitenge vilipokuja, vilikuwa vya rangi mbili, kimoja cha kila chama.

Juma lililofuata kustaafu kwangu, Faida alikuja nyumbani akiwa amevaa nguo ya misa, siku ya kazi. Alisema anakwenda ng'ambo kumwona mama yake Diyodone, na anaogopa kwenda peke yake. Nilimwambia hanihitaji, lugha ni yake. "Najua," alisema. "Twende tu."

Tulivuka mchana. Tulimkuta mwanamke mrefu, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, akipepeta mchele uani. Kijana alikuwa ameketi kwenye mkeka. Mkono ulikuwa umetoka kwenye plasta lakini haukunyooka, na vidole viwili havikufunga. Faida aliona vidole vile kabla ya kusalimu. Alirudia mbele ya yule mama maneno yale yale aliyoyasema Kavimvira, ila safari hii alilia katikati, akaanza upya. Yule mama aliendelea kupepeta. Alipomaliza mchele wake alisema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe. Diyodone alitazama chini. Hatukuletewa maji, na hatukuyaomba.

Kisha yule mama alitazama jua, akasema bila kutugeukia: "Mpaka unafungwa mapema siku hizi. Mtachelewa."

Tukaaga, tukatoka. Njiani nilitafuta neno la kumfariji Faida, nikakosa, mimi niliyeishi kwa maneno ya watu. Tulikuwa tumekaribia kizuizi aliponishika mkono.

"Umemsikia?" alisema. "Anasema siku nyingine tuje mapema."

Mimi nilikuwa nimesikia kila neno, na hilo sikulisikia. Nilimtazama usoni nikaona hakuwa akiuliza.

Siku ya soko iliyofuata tulivuka asubuhi.